Mahakama ya Mzunguko Inamfuata Nani? Uhakiki wa Urithi Tulioupokea kwa Waingereza

Kila panapozungumzwa habari ya haki za wanyonge hapakosi mtu wa kusema kwamba dawa ni kuisogeza mahakama karibu na wananchi. Usemi huo ni mzuri, na sisi hatuupingi. Lakini kada anayetaka kuyaelewa mambo hawezi kutosheka na usemi mzuri. Ni wajibu wake kuuliza: mahakama inaposogea, inasogea kwa nguvu ya nani, kwa faida ya nani, na ikishaondoka inaacha nini?

Maswali haya si ya watu wa vitabuni tu. Mkulima wa pamba na mfugaji wa kata ya Kimali, wilayani Meatu, mkoani Simiyu, anayajua kwa miguu yake. Akidai shamba lake au ng'ombe wake, shauri huanza karibu na nyumbani. Kila linapopanda ngazi huenda mbali zaidi. Kwanza Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya. Na kwa miaka mingi mwenye kuitafuta Mahakama Kuu alikwenda Mwanza, na baadaye Shinyanga. Nauli, siku za kulala ugenini, mashahidi wanaotaka kulishwa, mifugo iliyoachwa mikononi mwa watoto: yote hayo ni adhabu anayoitumikia kabla hukumu haijasomwa. Kwa mtu wa namna hiyo, kusikia kwamba jaji mwenyewe atakuja ni sawa na kusikia kwamba mvua itanyesha. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Je, mwenyeji hupona kweli? Mtindo wa jaji kufunga safari na kuwafuata watu una historia yake. Wakoloni waliuleta hapa kutoka Uingereza, na huko Uingereza ulidumu zaidi ya miaka mia nane. Wako wanaousifu kama zawadi ya ustaarabu. Wako wanaoutupa wote kama takataka ya ukoloni. Sisi tunaziona njia zote mbili kuwa ni uvivu wa fikra. Tunakusudia kuonyesha mambo matatu: kwanza, kwamba mahakama ya mzunguko ilizaliwa ili dola iwafikie watu, pili, kwamba chochote chema kilichomo ndani yake kilitokana na wananchi kupata kauli katika hukumu, na tatu, kwamba chombo hicho kilipoletwa kwetu, safari ililetwa na kauli ikaachwa nyuma.

I. MFALME ANATUMA MAJAJI

Henry wa Pili alipotawazwa kuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1154, nchi ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huo ulikuwa wakati wa ukabaila. Kila kabaila alikuwa na ardhi yake, watu wake waliofungwa kwenye ardhi hiyo, na baraza lake la kuhukumu. Faini zilizotozwa ziliingia mfukoni mwake. Kwa hiyo uhakimu ulikuwa mali, sawasawa na kinu cha kusagia au daraja la kutoza ushuru.

Mfalme aliyetaka kuwa mfalme wa kweli ilimpasa ayavunje mabaraza hayo au ayaweke chini yake. Mwaka 1166, huko Clarendon, Henry alitoa amri kwamba watu kumi na wawili katika kila tarafa, na wanne katika kila kijiji, waapishwe na kuwataja wezi, wauaji na wanyang'anyi waliomo kati yao. Waliotajwa wangehukumiwa na majaji wa mfalme. Mwaka 1176, huko Northampton, nchi iligawanywa katika mizunguko sita, na kila mzunguko ukapewa majaji watatu. Majaji hao kumi na wanane walipanda farasi wakaenda jimbo hata jimbo. Huo ndio mwanzo wa utaratibu uliokuja kuitwa asaizi.

Walibeba nini katika mikoba yao? Hapa ndipo panapotaka macho. Jaji wa mzunguko mkuu wa karne ya 12 na ya 13 hakuja na kesi peke yake. Alikuja na orodha ndefu ya maswali: nani amekufa bila mrithi, ardhi yake iko wapi, nani amejenga kwenye njia ya mfalme, nani ameuza divai kinyume cha kipimo, mali za waliohukumiwa ziko kwa nani. Mali ya mhalifu aliyehukumiwa iliangukia kwa mfalme. Kijiji kilichokosea kujibu swali kilitozwa faini. Kilichochelewa kumkamata mwizi kilitozwa faini. Jaji na mtoza kodi walikuwa mtu mmoja, juu ya farasi mmoja.

Tusiseme kwamba hapakuwa na faida. Mkulima huru aliyenyang'anywa shamba na kabaila aliweza sasa kupeleka madai yake kwa jaji asiyekula kwenye meza ya kabaila huyo. Na kwa kuwa majaji walewale walizunguka nchi nzima, kisha wakakutana na kulinganisha hukumu zao, sheria iliyokuwa ikitofautiana jimbo hata jimbo ikaanza kuwa moja. Hata hivyo mtumwa wa ardhi, ambaye ndiye aliyekuwa mnyonge kupita wote, hakuwa na mlango wa kumshitaki bwana wake kwa habari ya ardhi katika mahakama hizo. Dola ilimfikia kwa faini; haki haikumfikia.

II. WAKULIMA WANATOA UHAKIKI WAO

Msomi mwenye haraka atasema kwamba sisi tunaisoma historia kwa miwani ya leo. Basi tuwasikilize wakulima wa wakati ule, maana wao walitoa uhakiki wao wenyewe.

Mwaka 1233 ilipojulikana kwamba majaji wa mzunguko mkuu wanakwenda Cornwall, watu wa jimbo hilo walikimbilia porini. Wakulima walioacha nyumba na mifugo kwa kuogopa haki hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza kwamba ujio wa jaji ni ujio wa gharama. Mzunguko huo ulichukiwa kiasi kwamba kufika katikati ya karne ya 14 ulikuwa umekwisha, ukabaki utaratibu mwepesi zaidi wa asaizi.

Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza walipoasi kwa sababu ya kodi ya kichwa, jaji mkuu mmojawapo, Robert Belknap, alitumwa Essex kuwashughulikia waasi. Wakulima walimzunguka, wakamlazimisha aape kwamba hatafanya tena kikao cha namna hiyo, na wananchi waliokuwa wamekubali kuwataja wenzao mbele yake wakauawa. Jaji mwingine, John Cavendish, aliuawa huko Suffolk. Uasi uliposhindwa, dola ililipiza kisasi kwa chombo kilekile: Robert Tresilian akazunguka na mahakama yake, na huko St Albans akamhukumu kifo John Ball, padri aliyekuwa amehubiri usawa wa watu.

Tunajifunza nini? Wakati mgongano wa matabaka umelala, mahakama inayotembea huweza kuonekana kama mwamuzi asiye na upande. Mgongano unapoamka, huonekana inatembea kwa amri ya nani.

Jambo hilo lilirudi mara kwa mara. Mwaka 1685, baada ya uasi wa Monmouth, Jaji George Jeffreys alizunguka miji ya magharibi, Winchester, Salisbury, Dorchester, Taunton na Wells. Mamia walinyongwa au kupelekwa ng'ambo kufanya kazi za kitumwa katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi. Waingereza wenyewe wanauita mzunguko huo Asaizi za Damu. Mwaka 1834, katika asaizi ya Dorchester, vibarua sita wa mashambani kutoka kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka saba. Mshahara wao ulikuwa umepunguzwa, nao wakaunda chama cha kujitetea. Kwa kuwa chama chenyewe hakikuwa kosa, walishitakiwa kwa kula kiapo cha siri. Ni maandamano na madai ya wafanyakazi wenzao yaliyoilazimisha serikali kuwasamehe mwaka 1836.

III. TARUMBETA NA GLAVU NYEUPE

Haitoshi kuisoma mahakama kwa hukumu zake. Isomwe pia kwa mavazi yake. Asaizi ilipofika mjini, sherifu, yaani mwakilishi wa mfalme katika jimbo, alitoka kumlaki jaji akiwa na wapiga tarumbeta na watu wenye mikuki. Msafara ulikwenda kanisani, ikahubiriwa hotuba ya dini maalum kwa siku hiyo, kisha ndipo mahakama ikafunguliwa. Jaji alivaa joho jekundu na nywele za bandia. Alipotoa hukumu ya kifo alifunikwa kitambaa cheusi kichwani. Na kama hapakuwa na mfungwa hata mmoja wa kuhukumiwa, alipewa glavu nyeupe kama ishara kwamba mikono ya jimbo ni safi.

Mapambo hayo hayakuwa ya bure. Kwa siku chache kila mwaka mwananchi wa kawaida alionyeshwa kwa macho yake kwamba mfalme, kanisa na sheria ni msafara mmoja. Mwenye kusimama kizimbani baada ya tarumbeta zile alikuwa ameshashindwa nusu ya kesi yake.

Nyuma ya mapambo kulikuwa na jela. Kwa kuwa jaji alikuja mara mbili tu kwa mwaka sehemu nyingi, mshitakiwa aliyekamatwa baada ya kuondoka kwake aliozea ndani akingoja msimu ujao. Mwaka 1577, huko Oxford, homa ya jela ilitoka na wafungwa ikaingia ukumbini. Iliua mamia ya watu, jaji mwenyewe, Robert Bell, akiwa mmoja wao. Kipo kielelezo gani zaidi ya hicho? Uchafu ambao mahakama iliwaachia wanyonge uliifuata mpaka kwenye kiti chake.

IV. KAULI YA WANANCHI

Hata hivyo tusingekuwa wahakiki wa haki kama tungeishia hapo. Ndani ya chombo hiki cha dola ilikua mbegu nyingine.

Mwaka 1215, katika Hati Kuu ambayo mfalme John alilazimishwa kuitia muhuri, iliwekwa sharti kwamba majaji wawili waende katika kila jimbo mara nne kwa mwaka, na wakae pamoja na watu wanne waliochaguliwa na jimbo lenyewe. Waliolazimisha walikuwa makabaila, na watu wanne wale hawakuwa makabwela. Lakini tazama kilichotokea: jambo ambalo mfalme alilianzisha kwa faida yake, sasa linadaiwa kwake kama deni, tena kwa sharti kwamba wenyeji wawe na kiti. Mwaka huohuo Baba Mtakatifu alikataza makasisi kushiriki katika kumpima mshitakiwa kwa maji au chuma cha moto. Pengo hilo lilizibwa na juri, yaani wenyeji kumi na wawili walioapa, ambao neno lao ndilo lililoamua kama mtu ana hatia. Wale kumi na wawili walioanza kama watoa habari wa mfalme waligeuka taratibu wakawa waamuzi. Na mwaka 1285 sheria ilielekeza kwamba wenyeji hao wasikokotwe mpaka Westminster kwa kesi iliyofunguliwa huko, ila jaji awafuate jimboni mwao.

Basi jaji alileta sheria, na wenyeji wakatoa uamuzi. Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa asaizi, na ndiyo sababu iliweza kudumu.

Tusiitie chumvi. Wakati wa Tolpuddle aliyeruhusiwa kukaa katika juri ni mwanamume mwenye mali ya kiasi kilichowekwa na sheria, na sharti la mali lilibaki mpaka miaka ya 1970. Wanawake walifunguliwa mlango mwaka 1919 tu. Vibarua wale sita hawakuhukumiwa na vibarua wenzao. Juri ilikuwa kauli ya wenyeji, lakini ya wenyeji wenye mali. Hata hivyo ilikuwa kauli yenye nguvu ya kuamua.

Mwaka 1971 Bunge la Uingereza lilifuta asaizi, na tangu tarehe 1 Januari 1972 mahali pake pakachukuliwa na Mahakama ya Taji yenye vituo vya kudumu katika miji. Tume iliyopendekeza mabadiliko hayo iliongozwa na Beeching, mtu yuleyule ambaye mwaka 1963 alipendekeza kufungwa kwa njia nyingi za reli zilizokuwa hazilipi. Waingereza waliufuta mzunguko wao wa karne nane kwa hoja ya hesabu: kesi ni nyingi, miji imekua, na msafara wa farasi haufai tena.

V. SAFARI BILA KAULI: TANGANYIKA

Waingereza waliianzisha Mahakama Kuu ya Tanganyika kwa amri ya mwaka 1920. Tarehe 22 Julai ya mwaka huo ndiyo iliyowekwa kuwa mpaka: sheria za Uingereza zilizokuwako siku hiyo zikawa sehemu ya sheria yetu. Jaji wa Mahakama Kuu akaanza kufunga safari kwenda mikoani kusikiliza kesi kubwa. Juu yake ilikuwako Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1902, nayo ikahama kutoka mji hata mji.

Joho lilikuja. Nywele za bandia zilikuja. Taratibu zote za heshima zilikuja. Kitu kimoja hakikupanda meli: juri. Mwafrika aliposhitakiwa kwa kosa la kunyongwa, jaji aliketi na wazee wa baraza. Wazee hao waliulizwa maoni yao, na jaji hakulazimika kuyafuata. Katika Kenya ubaguzi ulikuwa wazi kupita kiasi: Mzungu alikuwa na haki ya juri, Mwafrika alipewa wazee. Kwa maneno mengine, mkoloni aliamini kwamba mwenyeji anajua mila za kumweleza jaji, lakini hana akili ya kuamua.

Tena lugha. Tuchukue shahidi wa Usukuma katika mahakama hiyo. Alisema kwa Kisukuma. Mkalimani akasema kwa Kiswahili au moja kwa moja kwa Kiingereza. Jaji akaandika kwa Kiingereza. Neno la mzee lilivushwa mito, na kila mto ulilinyofoa kitu. Kilichohukumiwa mwishoni ni kile kilichobaki.

Lakini kwa watu wa vijijini mahakama hiyo ya jaji ilikuwa ya mbali. Waliyemjua ni ofisa wa wilaya, yule ambaye wazee walimwita Bwana Shauri tangu wakati wa Mjerumani. Alikuja na askari, wapagazi, hema na kiti cha kukunja. Asubuhi alikagua daftari la kodi. Mchana alisikiliza mashauri. Msomaji atakuwa amekwisha kumtambua: huyu ni jaji wa Henry wa Pili amerudi, ila sasa amevaa kofia ya jua. Sheria ya mabaraza ya wenyeji ya mwaka 1929 ilikamilisha jambo hilo kwa kuyatoa mabaraza ya machifu katika mkono wa Mahakama Kuu na kuyaweka katika mkono wa utawala. Rufani ya mkulima ilitoka kwa chifu ikaenda kwa ofisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa gavana. Aliyetunga amri, aliyeisimamia na aliyesikiliza malalamiko juu yake wakawa jamaa wa nyumba moja. Tume ya Bushe ilipochunguza uendeshaji wa haki za jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1933, mabishano makubwa yalikuwa kati ya wanasheria na maofisa tawala juu ya nani ashike chombo hicho. Kama mwananchi ashike chochote hapakuwa swali.

Wasukuma wanakumbuka chombo hicho kilivyotumika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati wa mpango wa maendeleo ya Usukuma, amri za kutengeneza matuta, kung'oa na kuchoma mashina ya pamba na kupunguza mifugo zilisimamiwa kwa faini katika mabaraza ya machifu. Mabaraza hayo yalikuwa karibu kabisa na watu, umbali wa kutembea kwa miguu. Ukaribu huo haukuwasaidia. Chifu aliyewatoza ndiye aliyelipwa na serikali ili awatoze. Amri hizo zilivunjwa na upinzani wa wakulima wenyewe kufika mwaka 1958.

VI. BAADA YA UHURU

Uhuru ulibadili mambo ya msingi. Mwaka 1963 madaraka ya machifu yalifutwa kisheria. Kwa sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka huo, iliyoanza kutumika mwaka 1964, mahakama za rangi mbili ziliondolewa, mfumo ukawa mmoja, na chini kabisa pakawekwa Mahakama ya Mwanzo inayosikiliza mashauri kwa Kiswahili. Kutenganisha uhakimu na utozaji kodi ulikuwa ushindi ambao Waingereza wenyewe waliuchukulia karne nyingi, nasi tuliufanya kwa kalamu moja. Sheria ya mwaka 1984 iliwapa wazee wa baraza katika Mahakama ya Mwanzo kura pamoja na hakimu. Hapo, na si katika Mahakama Kuu yenye majoho, ndipo kauli ya mwananchi ilipopewa nguvu ya kuamua. Mwaka 1985 yakaundwa Mabaraza ya Kata.

Mwaka 1971, ule ule ambao Waingereza walifuta asaizi, Mwongozo wa TANU uliwakataza viongozi majivuno na dharau mbele ya watu. Tarumbeta na glavu nyeupe zingesomwa kwa Mwongozo huo, zisingepita.

Lakini Mahakama Kuu iliendelea kusafiri kwa vikao, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyoundwa mwaka 1979 nayo ikawa ya kuzunguka. Mshitakiwa wa kesi ya mauaji aliendelea kungoja kikao kama mfungwa wa Oxford alivyongoja msimu.

Mwaka 2019 yalizinduliwa magari ya mahakama inayotembea, yakaanza kazi Dar es Salaam na Mwanza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2023 ilianzishwa kampeni ya msaada wa kisheria inayozunguka mikoani. Hatua hizi tunazipongeza bila kigugumizi, hasa ile ya lugha, maana imeondoa mto mmoja kati ya ile tuliyoitaja.

Katika miaka hiyohiyo, hata hivyo, kauli ya mwananchi ilipunguzwa. Mwaka 2021 Mabaraza ya Kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, yakabakiwa na kusuluhisha. Mwaka 2022 kukaa na wazee wa baraza katika Mahakama Kuu kukafanywa kusiwe lazima. Sababu zilizotolewa si za kubeza: ucheleweshaji, gharama, uamuzi uliovurugwa na kutojua sheria. Lakini ni lazima tuyaweke mambo mawili kwenye mizani moja. Magurudumu yameongezwa, viti vya wenyeji vimepungua. Kada asiyeona kwamba haya mawili yanavutana hajasoma historia tuliyoieleza.

VII. JIRANI AKIWA HAKIMU

Hapa msomaji wa Kimali anaweza kutukatiza na kusema: kwa nini kumngoja jaji? Sisi tunalo baraza letu. Ni kweli. Usukumani dagashida, yaani mkutano wa watu wote, ulitatua mambo ya malisho, mifugo na utovu wa nidhamu kabla ya sheria ya mtu yeyote kuandikwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, na silaha zilipokuwa zimeenea baada ya vita vya Uganda, Wasukuma na Wanyamwezi wa mikoa ya Shinyanga na Tabora waliunda sungusungu. Walitoka na mishale yao, wakafuata nyayo, wakahukumu chini ya mti. Adhabu yao kuu ilikuwa faini na kumtenga mtu, asipewe moto wala maji. Ng'ombe walirudi. Chama na Serikali viliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Kwa upande wetu, sungusungu ni uhakiki mkali kuliko makala yoyote: wananchi waliona kwamba mwizi aliyepelekwa mbali hurudi kijijini kabla ya mlalamikaji.

Lakini tusiogope kusema upande wa pili. Sungusungu walipiga watu mpaka wakakiri yasiyokuwako. Na katika nchi hiyohiyo ya Usukuma vikongwe waliuawa kwa tuhuma za uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kupikia. Ajuza yule hakuuawa na dola ya mbali. Alitajwa na jirani, akahukumiwa na jirani, na mara nyingine aliyetaka shamba lake ni ndugu yake. Ikiwa watu kumi na wawili wa Clarendon walimtaja mwenzao kwa mfalme, hapa walimtaja kwa panga. Kwa ajuza huyo, jaji wa kutoka mbali, asiyekuwa na ugomvi wa shamba wala hofu ya mganga, ndiye tumaini pekee.

Kwa hiyo ugeni wa jaji una thamani yake, na ujirani wa wazee una thamani yake. Jaji asiye na wenyeji huhukumu asichokijua. Wenyeji wasio na sheria humhukumu wasiyempenda.

VIII. VIPIMO

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza kwa makada na wanafunzi vipimo vinne vya kuipimia mahakama yoyote inayotembea, iwe ya farasi, ya hema au ya gari.

Kwanza, inakuja kwa ratiba ya nani? Jaji anayekuja bajeti inaporuhusu bado anawafuata wakubwa zake. Vikao vijulikane mapema, visiangukie msimu wa kupalilia, na mahabusu asiozee ndani kwa kungoja safari.

Pili, inasema lugha gani? Kiswahili cha sheria kitumike kwa ukweli, na mzee anayejua Kisukuma tu apate mkalimani mwaminifu. Hukumu asiyoielewa aliyehukumiwa ni tarumbeta nyingine.

Tatu, wenyeji wana kauli au wana viti tu? Kutoa maoni yasiyomfunga mtu ni urithi wa mkoloni. Kama wazee wa baraza walikosa elimu ya sheria, jibu la kimapinduzi ni kuwafundisha, wanawake na vijana wakiwamo, si kuwapunguza.

Nne, inaacha nini? Jaji wa Henry aliondoka na fedha. Mahakama yetu ikiondoka Meatu iache kumbukumbu za hukumu zinazosomeka kijijini, watu waliojua haki zao, na Mahakama ya Mwanzo iliyo imara zaidi kuliko ilivyokuwa. Kama kila kitu kinapakiwa garini na kuondoka, basi tulichokiona ni maonyesho.

Tunamalizia tulipoanzia. Kusogea na kukaribia ni mambo mawili. Jaji wa Cornwall alisogea mpaka mlangoni, na watu wakakimbilia porini. Siku mwananchi wa Kimali atakaposikia kwamba mahakama inakuja, akaenda kuketi ndani yake kama mmoja wa waamuzi wake, hapo ndipo tutasema kwamba imekaribia. Kazi ya kuifikisha siku hiyo haifanywi na magari peke yake. Inafanywa na watu waliofundishwa, waliopangwa, na wasioogopa kuuliza mahakama inamfuata nani.